Jinsi ya Kuusoma Mteremko Kabla Haujashuka Barabarani

Kutoka Timau hadi Isiolo gari hushuka zaidi ya mita elfu moja. Timau iko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi ya mashamba ya ngano na viazi. Mji wa Isiolo uko karibu mita 1,100, kwenye joto, migunga na vumbi. Katikati ni njiapanda ya Subuiga, ambapo barabara moja huendelea Meru na nyingine hugeukia kaskazini ikaanza kuteremka. Upande wa mashariki, barabara za Ruiri na Maua hupanda kuelekea Meru na milima ya Nyambene. Na anayekwenda kaskazini, akishapita Archer's Post, ana njia za kwenda Wamba na Maralal, na lami ya Marsabit hadi Moyale.

Popote barabara hizi zinapokutana na mlima, njia imepatikana kwa kukata. Mlima ulikuwa umelala kwa mwinamo wake, mashine ikaja ikauchonga upande wa juu ukasimama wima, kifusi kikamwagwa upande wa chini ili magari mawili yapate kupishana. Tangu siku hiyo pande zote mbili zimekaa mkao usio wake. Mchanga mkavu ukimwagwa chini hujisimamia kwa mwinamo wa nyuzi 30 na kitu tu. Ukingo wa udongo unaosimama kwa nyuzi 70 kando ya lami unashikwa na mambo matatu: kunata kwa udongo wenyewe, ukavu wake, na mizizi. Maji yakiingia ya kutosha, mawili ya kwanza huondoka, na mizizi peke yake haiwezi.

Haya nayaandika kwa ajili ya anayepita hapo kila siku: dereva wa lori na taniboi wake, mwenye bodaboda, mama aliyepanga vitunguu vyake kwenye kivuli cha ukingo, mtoto anayekwenda shule kwa miguu. Mhandisi ana vipimo vyake, na vipimo hivyo vinahitajika. Lakini mhandisi huja mara chache. Wewe uko hapo kila asubuhi, na dalili nyingi za kuporomoka huonekana kwa macho siku kadhaa, wakati mwingine miezi kadhaa, kabla ya ardhi kushuka. Ukishika jambo moja tu katika yote yatakayofuata, shika hili: fuata maji. Ukijua maji ya mvua yanaingilia wapi juu, yanapita wapi chini kwa chini na yanatokea wapi, umeshajua ukingo utakatikia wapi.

Ardhi mbili, hatari mbili

Anza kwa kujua umesimama chini ya ardhi gani, maana Isiolo iko mpakani. Kusini na mashariki ni ardhi ya volkano. Kaskazini ni ardhi ya miamba ya kale sana ambayo haikuwahi kuwa lava ya mlima wowote unaouona leo.

Mlima Kenya ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Nyambene ni volkano pia, na sehemu zake ni changa zaidi. Volkano hizi hazikujengeka kwa siku moja. Lava ilitoka ikapoa, majivu yakaanguka juu yake, miaka mingi ikapita, majivu yakageuka udongo, kisha lava nyingine ikaja ikafunika vyote. Ndiyo maana ukitazama ukingo uliokatwa kando ya barabara unaona mikanda: mkanda wa jiwe gumu la kijivu au jeusi, chini yake mkanda laini mwekundu au wa manjano, kisha jiwe tena. Tatizo liko kwenye huo mkanda laini. Lava ilipokuwa inapoa ilipasukapasuka, kwa hiyo maji ya mvua huipenya bila shida. Yakifika kwenye majivu yaliyogeuka mfinyanzi, yanakwama. Hayawezi kushuka zaidi, basi yanatafuta njia ya kando, na njia ya kando iliyo wazi ni pale ambapo mlima ulikatwa ili barabara ipite. Yanatokea hapo, kidogokidogo, yakibeba chembe za mkanda laini. Mwaka hadi mwaka mkanda huo unaliwa kwa ndani, na jiwe lililo juu yake linabaki linaning'inia bila kitu chini. Siku moja linaanguka, na huenda siku hiyo jua linawaka.

Hatari ya pili ya ardhi ya volkano ni udongo mwekundu wenyewe. Huko juu kwenye mvua, mwamba umeoza kwa muda mrefu hadi ukawa udongo wenye kina cha mita kadhaa. Ukiwa mkavu husimama wima vizuri, na hapo ndipo huwadanganya watu. Chukua gao la udongo kutoka sehemu ya chini ya ukingo, si ule wa juu wenye majani. Ulowanishe kidogo, uukande, kisha uviringishe kati ya viganja uwe uzi. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi, na maji yatapita ndani yake. Ukiviringika hadi ukawa mwembamba wa milimita tatu bila kukatika, huo ni mfinyanzi: utanyonya maji, utavimba, na mahali unapokutana na jiwe lililo chini yake patakuwa pa kuteleza. Ukiona kwenye ukingo mmoja udongo wa aina ya kwanza umekalia wa aina ya pili, weka alama hapo akilini mwako.

Ukiuacha mji ukaelekea Archer's Post, ardhi hubadilika. Miamba ya huko, pamoja na jabali la Ololokwe linaloonekana kutoka mbali ukiwa kwenye lami ya Marsabit, ni ya Mkanda wa Msumbiji, miamba iliyopikwa na kukandamizwa ndani kabisa ya dunia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wanajiolojia wanaiita naisi. Ina tabaka nyembamba za rangi nyeupe na nyeusi, na inapasuka kwa kufuata tabaka hizo. Udongo ni kidogo, mvua ni kidogo, kwa hiyo usitazamie mlima mzima kushuka kama tope. Tazamia mawe.

Swali la kuuliza kwenye naisi ni moja: tabaka zimeinama kuelekea wapi? Zikiinamia ndani ya mlima, ukingo una nafuu. Zikiinamia barabarani, hali ni ya sahani zilizopangwa juu ya meza iliyoinama, na aliyeikata barabara ndiye aliyeondoa kizuizi cha pembeni. Ukiwa na shaka, tafuta bapa la mwamba mahali pa chini, pasipo na jiwe linaloning'inia juu yako, siku kavu, kisha mwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa. Yatakuonyesha mwinamo wenyewe. Halafu angalia kama kuna mipasuko miwili inayokutana na kufanya umbo la herufi V, ncha ikielekea barabarani. Kipande cha mwamba kilichobanwa kati ya mipasuko hiyo hakina kinachokishikilia mbele, na mvua moja nzuri inaweza kukisukuma nje. Mchemraba wa mwamba wenye nusu mita kila upande una uzito wa kilo 300 na zaidi. Kwa gari linaloshuka kwa kasi, huo unatosha.

Mvua ipi ya kuogopa

Watu wengi huogopa mvua ya kwanza kwa sababu ya ngurumo zake. Kwa mawe, wana haki. Mvua ya kwanza huosha vumbi lililokuwa limeyashikilia. Lakini ukingo wa udongo mara nyingi hushuka baadaye, baada ya siku nyingi za kunyeshewa. Mvua ya siku tatu, nne, wiki, inajaza nafasi zote zilizo kati ya chembe za udongo. Maji yaliyojaa yanasukuma chembe ziachane, msuguano unapungua, na wakati huohuo mzigo unaongezeka. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa karibu tani mbili. Kipande cha ukingo chenye upana wa mita kumi, urefu wa mita kumi na kina cha mita mbili tu ni takriban tani 400, shehena ya malori 20 ya tani 20 kila moja, yakimwagwa kwa mpigo. Kinachobaki ni usiku mmoja wa mvua kubwa kumalizia kazi. Na hata mvua ikikatika asubuhi, maji yaliyo chini bado yanatembea, kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mvua nazo ni za hatari.

Hivi ndivyo ilivyokuwa West Pokot usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, baada ya majuma ya mvua. Zaidi ya watu 40 walikufa, barabara na madaraja vikakatika, waokoaji wakachelewa kuwafikia waliofukiwa. Desemba 3, 2023, mteremko wa Mlima Hanang huko Tanzania, nao ni volkano, ulishusha tope hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ilikuwa zamu ya Chesongoch, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa huko Elgeyo Marakwet. Zaidi ya 20 walipoteza maisha. Ukitazama tarehe hizo utaona zote ziko mwisho wa mwaka, na kwa upande wetu wa Mlima Kenya vuli ya Oktoba hadi Desemba haipungui nguvu mbele ya masika ya Machi hadi Mei. Usiidharau.

Ukame nao huongeza hatari. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, tano mfululizo, halafu mwishoni mwa 2023 El Niño ikaja kwa kishindo. Udongo uliokauka kiasi hicho hupasuka nyufa za kina, nyasi zimekufa, na maji ya kwanza hayana kazi ya kutafuta njia ya kuingia. Njia iko wazi hadi ndani.

Anayekaa Isiolo mjini ana hatari nyingine ya peke yake: anga lake huwa safi wakati mlimani kunanyesha. Machi 2010 mto Ewaso Nyiro ulifurika ghafla ukazoa kambi za watalii katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kwa maji yaliyonyesha mbali huko juu. Kwa hiyo usiulize tu kama kunanyesha hapa. Tazama upande wa mlima ulio juu ya barabara yako. Ukiwa mweusi tangu jana, piga simu kwa mtu wa Timau au wa Meru kabla hujaondoka.

Kuutazama ukingo

Fanya kazi hii kiangazi, mchana, na uifanye ukiwa upande wa pili wa barabara kwanza, ambapo unaona ukingo mzima kwa mara moja. Ukisimama chini yake unaona kipande tu, tena kipande hicho kinaweza kukuangukia.

Anza juu kabisa, kwenye kilele, na hapa usiwe na haraka, maana hapa ndipo ukweli ulipo. Unatafuta ufa wenye umbo la mwezi mchanga, ncha zake mbili zikiteremka kuelekea barabarani. Ufa wa ukame huenda huku na huku na kugawanyika vipande vipande. Ufa wa maporomoko ni mmoja, mrefu, umepinda, na mara nyingi upande wa barabarani umeshuka sentimita chache kuliko upande wa mlimani. Pitisha mkono juu yake utahisi ngazi ndogo. Ukiuona, usisimame upande wake wa barabarani. Pigilia kigingi upande wa mlimani na kingine upande wa pili ukiwa umenyoosha mkono tu, au tumia fito ndefu. Pigilia msumari juu ya kila kigingi, pima umbali kutoka msumari hadi msumari kwa futi ya fundi, andika kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Rudi kila asubuhi. Umbali usipobadilika kwa msimu mzima wa mvua, ufa huo ni wa zamani au umelala. Ukiongezeka kidogo baada ya mvua kisha ukatulia, endelea kupima. Lakini ukiona leo umeongezeka kuliko ulivyoongezeka jana, na jana kuliko juzi, ondoka na uondoe watu. Ardhi inayoongeza mwendo kila siku iko karibu kuachia, na hapo hakuna haja ya kumsubiri mtu aje kuthibitisha.

Vigingi viwili, misumari miwili na daftari havifiki shilingi mia tano. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachoweza kuokoa kijiji.

Miti husema pia. Mti uliopinda shina karibu na ardhi kisha ukanyooka kwenda juu umekuwa ukisukumwa polepole kwa miaka mingi huku ukijitahidi kusimama. Mteremko huo unatambaa, na huenda ukaendelea kutambaa tu. Miti mingi iliyolala upande mmoja ikiwa imenyooka kabisa ni habari mbaya zaidi, maana imelazwa juzijuzi. Nguzo za umeme na za ua zisome kwa jicho hilohilo. Nyaya zilizokazika upande mmoja na kulegea mwingine zinakuonyesha ni nguzo ipi imehama.

Shuka hadi mguuni pa ukingo. Je, udongo umevimba kuelekea mtaroni? Je, mtaro wa zege umebanwa, kuta zake zimesogeleana au kupasuka? Kuna mahali penye majani mabichi wakati kwingine kote kumekauka? Hapo pana maji. Chemchemi mpya ni onyo. Chemchemi ya siku zote iliyobadilika rangi ghafla ikatoa maji ya tope ni onyo kubwa zaidi, na iliyokauka ghafla katikati ya mvua isikufurahishe: yawezekana njia yake imezibwa ndani na maji yanajikusanya.

Kwenye ukingo wa mawe, tazama mtaroni. Jiwe la zamani lina vumbi, kingo zake zimefifia, pengine lina ukungu wa kijivu. Jiwe la jana lina uso safi na kingo kali. Kokoto chache safi kila asubuhi chini ya mahali pamoja zinakuambia utazame juu ya mahali hapo.

Sasa vuka uende ukingo wa chini, ule wa kifusi, ambao madereva wengi hawautazami kabisa kwa sababu hauonekani kutoka kwenye kiti. Barabara nyingi huondoka kwa upande huu, na dalili yake iko kwenye lami yenyewe: ufa uliopinda, unaoanzia ukingoni, ukaingia kwenye njia ya gari, ukarudi ukingoni mbele kidogo. Kipande kilicho ndani ya upinde huo ndicho kitakachokwenda. Mafundi wakija wakamimina lami juu yake bila kushughulika na maji, wameficha dalili tu. Vyuma vya pembeni vilivyokuwa vimenyooka vikawa na wimbi ni dalili ileile.

Kisha kalvati, njia ya maji iliyo chini ya barabara. Inama utazame mdomo wake wa juu na wa chini. Wa juu huzibwa na matawi, chupa za plastiki, mifuko ya miraa na mchanga. Wa chini, maji yakitoka kwa nguvu bila mawe ya kuyapunguza kasi, huchimba shimo linalorudi nyuma kuelekea barabarani hadi lami inabaki haina kitu chini. Kuhusu kalvati iliyozibwa, nataka kila mtu akumbuke Mai Mahiu. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka na matawi, yalivunja tuta na kushuka juu ya watu waliokuwa usingizini. Zaidi ya watu 45 walikufa. Tuta la barabara likizibwa hugeuka bwawa ambalo halikujengwa liwe bwawa.

Ukiwa njiani

Najua miraa haingoji, na najua mwenye lori anataka mzigo ufike. Hata hivyo, katika majuma ya mvua kubwa pita sehemu za milima mchana. Maporomoko ya usiku huua wengi zaidi kwa sababu hayaonekani, na taa za gari hazionyeshi kilichokatika upande wa pili wa kona.

Usisimame chini ya ukingo wa juu. Malori yanayoshuka kutoka Subuiga hupata moto kwenye breki, na dereva hutafuta kivuli apoze. Kivuli cha ukingo ndicho cha hatari kuliko vyote. Chagua mahali palipo wazi pande zote mbili, hata kama ni juani. Wala usiegeshe lori lililobeba mzigo kwenye bega la ukingo wa chini ulioloa, kwa kuwa uzito wako ndio unaoweza kuwa tone la mwisho.

Fungua dirisha kidogo, zima redio. Ukisikia mngurumo usio wa radi, miti ikivunjika, au mawe yakigongana, usisogee kuangalia. Ukiona tope jembamba limeanza kuvuka lami, au kokoto zinadondoka moja moja, na mbele hakuonekani vizuri, simama mbali, washa taa za dharura, rudi nyuma taratibu huku taniboi akiwazuia wanaokuja. Ukiwa tayari uko katikati na nyuma ndiko kunakoporomoka, songa mbele. Waulize madereva unaopishana nao. Hakuna habari ya barabara inayoishinda ya mtu aliyetoka huko sasa hivi.

Abiria, usikae kimya. Wewe uliye dirishani unaona ukingo kuliko dereva anayetazama kona. Mwambie.

Mafuriko ya tope yakishuka kwenye korongo, huwezi kuyashinda kwa kukimbia kuelekea chini. Kimbia kando, upande ulio juu, mbali na mkondo. Na huko tambarare, maji ya laga, yaani mto wa msimu, yakivuka barabara usijaribu. Sentimita 60 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kubeba magari mengi, na huwezi kuona kama lami bado ipo chini yake.

Wanaoishi kando ya barabara

Hapa kuna mengi yaliyo mikononi mwetu. Usichimbe mguu wa ukingo, iwe ni kwa kutafuta udongo wa matofali, changarawe ya uani, au nafasi ya kibanda. Mguu ndio unaobeba kila kilicho juu. Kibanda cha mita tatu kilichochongwa ndani ya ukingo kinaweza kuushusha wote, na mwenye kibanda ndiye wa kwanza kufukiwa.

Juu ya ukingo, angalia maji ya shamba. Miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya imejaa mabomba na mifereji ya miradi ya maji, na bomba linalovuja juu ya barabara hunyeshea mteremko mchana na usiku, masika na kiangazi. Ardhi hiyo haikauki kamwe. Mvua ikija inaikuta imeshajaa. Ziba bomba, elekeza maji ya tangi yanayofurika kwenye korongo la asili, chimba mtaro wa kukinga maji nyuma ya kilele ili yasishuke usoni mwa ukingo. Mtaro huo uwe na mteremko wake wa kutosha. Ukituamisha maji umeongeza tatizo. Acha vichaka na nyasi. Nyasi za vetiva, zikipandwa kwa mistari inayofuata kontua, mizizi yake hushuka mita mbili na zaidi na kuufunga udongo wa juu. Hazitazuia maporomoko ya kina cha mita kumi, na asikudanganye mtu kwamba zitazuia.

Vivyo hivyo kwa kuta za mawe na gabioni. Gabioni, yaani makapu ya waya yaliyojazwa mawe, ni nzuri kwa sababu maji hupita katikati ya mawe. Ukuta wa zege au wa mawe yaliyojengwa kwa saruji lazima uwe na matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yawe yanatoa maji wakati wa mvua. Yakiwa makavu wakati nyuma kumeloa, yamezibwa, na ukuta unasukumwa. Nimeona fedha nyingi zikitumika kwa kuta nene huku mtaro wa juu ukiwa umeachwa ujae mchanga. Ningekuwa na bajeti ya jambo moja tu, ningeiweka yote kwenye mitaro na kalvati, nikazisafisha Februari na Septemba, kabla ya mvua, kila mwaka. Kazi hiyo haihitaji mashine. Vijana kumi wa mtaa wenye majembe na toroli humaliza kalvati kwa asubuhi moja, na ni jambo la kuletwa kwenye baraza ya chifu bila kungoja tenda.

Unapotoa taarifa, toa taarifa inayoweza kufanyiwa kazi. Barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, nyingi za vijijini ni za KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, nyingine ni za kaunti. Mpe chifu pia na mwakilishi wa wadi. Taja mahali kwa alama isiyohama, sema ni ukingo wa juu au wa chini, urefu wa ufa kwa hatua, umepanuka kiasi gani tangu tarehe gani. Piga picha mbili, moja ya mbali na moja ya karibu yenye futi au kiatu pembeni ili ukubwa uonekane. Daftari la vigingi likipigwa picha pamoja na ufa ni vigumu kulipuuza.

Ardhi ikishashuka

Usiingie mara moja. Moyo utakusukuma, hasa ukisikia sauti ya mtu chini ya kifusi, lakini ukingo uliovunjika umebaki wima kuliko awali na mara nyingi hushuka tena. Piga 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Weka mtu mmoja mahali salama kazi yake iwe kutazama juu tu, mwenye filimbi. Akipuliza, wote watoke bila kuuliza. Chimbeni mkianzia pembeni, wachache, kwa zamu, mkinyamaza kila baada ya muda msikilize. Magari yaegeshwe mbali pande zote mbili ili ambulensi na tingatinga zipate njia. Mwingine aende juu ya korongo atazame kama kifusi kimeziba mto, kwa sababu maji yanayojikusanya nyuma yake yatakuja, na walio chini wana haki ya kuambiwa mapema.

Tingatinga likishafungua njia, watu hupumua na kusahau. Lakini mashine imeondoa kifusi kilichokuwa kimeuegemeza mguu, na uso mpya uliobaki ni mbichi, hauna nyasi wala mizizi. Pita upesi, usisimame hapo kwa msimu wote uliobaki. Rudisha vigingi juu, upime upya kuanzia siku hiyo, na dereva wa kwanza utakayemwona akiegesha chini yake mwambie asogee mbele.